Jicho Moja Wazi

Ukitaka kumjua Jepkemboi, mwangalie wakati wa maombi. Sisi wengine tukiambiwa tufumbe macho, tunafumba. Yeye hufumba moja. La pili huliacha wazi kidogo, likizunguka kanisa zima kuanzia mlangoni mpaka kwa wanakwaya. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kuna siku alifumba yote mawili kwenye mkutano wa injili pale uwanjani, kufumbua, viatu vyake havipo. "Na huyo aliyebeba alikuwa anasema amina kunishinda," akasema. Tangu siku hiyo anamwomba Mungu kwa jicho moja, na lile lingine anawachunga watu wa Mungu.

Mimi naitwa Mugure, fundi wa nguo hapa Mau Narok. Kibanda changu kinatazamana na geti la kanisa, kwa hivyo kama kuna jambo sijaliona, pengine halijatokea. Jepkemboi ni rafiki yangu wa miaka mingi. Watu humwita Mama Chesang, kwa sababu ya binti yake anayeishi Section 58 huko Nakuru. Mumewe, marehemu Kiptum, alimwachia shamba la waru, yaani viazi, na nyumba ya mabati. Ng'ambo ya ua anaishi shemeji yake, Micah, ndugu ya marehemu na mzee wa kanisa letu.

Huyo Micah ndiye alikuwa ugonjwa wa Jepkemboi. Baada ya mazishi ya Kiptum, Micah alikuja na nguzo na misumari akaushika ua uliokuwa umeanguka, akautengeneza mwenyewe bila kuombwa. Mtu mwingine angesema asante. Jepkemboi alingoja aende, akatoka na kamba akapima kutoka kwa mti wa mpakani mpaka kwenye ua, kuona kama umesogezwa. Haukuwa umesogezwa hata kidogo.

"Umeona sasa," nikamwambia. "Mtu ni mzuri."

"Basi anangoja," akanijibu.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimletea mkate anauliza unataka nini. Maziwa ya jirani anayanusa mbele ya jirani. Chesang alimtumia sweta nzuri kutoka Nakuru, naye akaigeuza ndani nje akitafuta ilipokuwa imeshonwa upya, halafu akaniletea mimi nithibitishe ni mpya. Nilithibitisha. Akaniangalia kana kwamba Chesang ameninunua. Mimi humpenda hivyo hivyo, ila kuna siku nimetamani kumfungia nje ya kibanda.

Kitu pekee alichokiamini hapa duniani ni mbegu yake. Nyuma ya jikoni alikuwa na kibanda cha mbao cha kuwekea mbegu, na ndani, juu ya vichanja, zililala waru zake za aina ya shangi, ndogo ndogo zenye macho mazuri. Kila mavuno alizichagua mwenyewe, moja moja, akizigeuza kwa vidole. Serikali ikaleta mbegu mpya zilizopimwa, akakataa. Wenzake wakabadilishana mbegu, akakataa. Wengine walipopumzisha shamba wakapanda shayiri msimu mmoja ili udongo upumue, yeye alipanda waru juu ya waru. "Najua hizi zimelala wapi na nani amezigusa," alikuwa akisema. Na kusema kweli hatungemlaumu. Huku juu hakuna kazi nyingine. Mbegu ikiharibika, mwaka umeharibika, na mjane hana mwaka mwingine wa akiba.

Sasa hapa kwetu kuna desturi. Kabla ya mvua ya masika, Jumapili moja kila mtu huja kanisani na kikapu cha mbegu yake. Vikapu vinapangwa mbele, vinaombewa, na kila mtu anarudi na kikapu chake. Jepkemboi alikuwa mpenzi wa ibada hiyo. Jicho lake moja halikutoka kwenye kikapu chake mpaka amina ya mwisho.

Halafu tukaletewa Mchungaji Bethwel. Kijana, sauti tamu, moyo safi, na sisemi hivyo kwa kejeli. Wiki nne mfululizo alituhubiria juu ya utele wa Mungu. Alisema Mungu wetu hana mkono wa birika, kwamba sisi ndio tunaobana, kila mtu na kibanda chake na kufuli lake, kisha tunashangaa baraka hazipiti. Alisema wale waumini wa kwanza waliweka vitu vyao pamoja na hakuna aliyepungukiwa. Mimi nilimsikiliza nikajikuta nafikiria vitambaa nilivyoficha chini ya meza. Jumapili ya nne akatangaza: mwaka huu hakuna vikapu. Kila mtu alete mbegu zake zote, tuzimwage juu ya turubai moja mbele ya madhabahu, rundo moja, tuliombee. Halafu kila mtu achote kiasi alicholeta, bila kuchagua.

Watu wakapiga makofi. Micah, kama mzee wa kanisa, akasimama akasema yeye atakuwa wa kwanza kumwaga.

Nikasikia Jepkemboi akivuta pumzi kando yangu.

Tulipotoka nje hakungoja hata kusalimia watu. "Umesikia? Wa kwanza kumwaga. Kwa nini awe wa kwanza?"

"Ni mzee wa kanisa, Mama Chesang."

"Mugure, mimi ninaishi karibu na huyo mtu. Msimu uliopita nimeona waru zake saa sita mchana zimelala kama zimepigwa. Jioni zinaamka. Hiyo si kawaida. Anataka kumwaga ugonjwa wake kwa rundo, arudi na mbegu yangu."

"Labda ilikuwa jua."

"Jua liko kwa shamba yake peke yake?"

Na mimi nilianza kushuku. Hapo ndipo ubaya wa kukaa na Jepkemboi ulipo. Unaenda kwake na moyo mweupe, unarudi unahesabu vifungo vya shati lako.

Aliyasema hayo kwa Mama Edinah wa duka, akayasema kisimani, akayasema kwenye kikundi cha akina mama. Hakusema Micah ni mwizi. Alisema tu, "Mimi nimeona waru zikilala, sijui nyinyi." Ikatosha. Kufikia Jumapili ya mbegu, watu walikuwa wakimwangalia Micah kama mtu mwenye kikohozi. Yeye alimwaga magunia yake, akarudi kukaa.

Jepkemboi alikuwa amesema hatatoa. Mchungaji alikuwa ameenda kwake mwenyewe, akanywa chai, akamwambia kwa upole kwamba anayefungia mbegu kufuli anamwambia Mungu hamwamini. Jepkemboi ni shemasi. Angekaaje pale mbele na kitambaa chake cha ushemasi, peke yake ndiye hakutoa? Mwishowe alileta gunia moja, akalimwaga polepole, akishika shika kila waru kabla haijaondoka mkononi. Mengine aliyaacha kwenye kibanda chake akasema hilo moja ndilo lote alilo nalo. Baada ya maombi akachota gunia lake moja kutoka kwa rundo kama wengine, akabebewa mpaka nyumbani.

Siku mbili baadaye nilipita kwake kumpelekea sketi. Nikamkuta jikoni amekaa mbele ya sufuria kubwa kuliko zote alizo nazo, moto unawaka, waru zinachemka.

"Una wageni?"

"Ni zile za madhabahu," akasema, akikoroga. "Za kuku."

"Jepkemboi, zile zimeombewa."

"Ndiyo nimechemsha. Baraka haichomeki, ikiwa ilikuwa ndani itakuwa ndani. Lakini kwa shamba yangu hazitaingia. Chukua sahani ule, chumvi iko hapo."

Nilikula. Zilikuwa tamu sana, na nilikula nikiogopa. Akapanda shamba lake lote kwa zile za kibandani, mbegu yake mwenyewe tu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na kuku.

Mvua ikanyesha vizuri, waru zikaota. Halafu likaja jua la ajabu, joto ambalo huku kwetu kwenye baridi hatulijui. Katikati ya jua hilo waru zikaanza kulala. Kwanza mashina machache hapa na pale. Mchana yanalala, jioni yanaamka, halafu siku moja hayakuamka tena. Ikawa kwa Mama Edinah, ikawa kwa mchungaji kwenye shamba la kanisa, ikawa kwenye kona ya chini ya Micah, mahali pekee alipokuwa amepanda waru mwaka huo, zile alizochota. Na ikawa kwa Jepkemboi, kona kwa kona, karibu shamba lote.

Nilimkuta amesimama katikati ya mistari, mikono kichwani. Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia, "Maji ya kwake. Mvua ilipita kwa shamba yake ikashuka kwangu. Au ng'ombe wake. Ng'ombe wake aliruka hapa."

"Shamba lake liko chini ya lako, Mama Chesang. Maji hayapandi."

"Basi gamubuti zake."

Nilimhurumia na nilikasirika, vyote pamoja. Mwanamke amepoteza chakula cha mwaka mzima na bado anatafuta alama za viatu.

Kanisa lilipochemka, mchungaji akaita mkutano uwanjani baada ya ibada, akamwalika afisa wa kilimo, msichana mdogo wa kutoka ofisi ya wadi. Tuliambiwa kila mtu aje na shina moja kutoka shambani kwake. Afisa akapanga glasi za maji safi juu ya meza ya Ushirika, kila glasi na jina. Akakata kila shina karibu na mzizi, akalining'iniza ndani ya maji.

"Tungoje," akasema. "Ukiona uzi mweupe unashuka kama maziwa, hiyo ni mnyauko. Kama maji yanabaki safi, ni jua tu."

Tuliinama kuzunguka meza. Ya Mama Edinah ikatoa uzi mwembamba. Ya mchungaji, uzi. Ya kona ya Micah, uzi. Glasi ya Jepkemboi haikutoa uzi, ilitoa kamba. Maji yote yakawa meupe.

"Woiye, Mama Chesang," mtu akasema. "Rundo limekumaliza wewe kuliko sisi wote."

Na macho yote yakamgeukia Micah. Hakuna aliyetamka jina. Tulikuwa tumeshaambiwa kisimani na dukani ni nani waru zake zililala msimu uliopita, basi kwa nini tupoteze pumzi.

Afisa akaeleza kwamba ugonjwa ukiingia kwenye udongo unakaa miaka, kwamba huku juu kwenye baridi waru inaweza kuonekana nzima kabisa na bado imebeba, inangoja joto tu. "Ingesaidia kujua ulitoka wapi," akasema. "Kuna mtu yeyote ambaye hakupanda zile za rundo? Aliyepanda mbegu yake peke yake? Glasi yake ingetuonyesha kitu."

Nikamwangalia Jepkemboi. Alikuwa anaangalia ile glasi yake.

Nilijua anachowaza kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza. Hakuna waru hata moja ya rundo iliyoingia shambani kwake. Zote zilipitia kwenye sufuria. Basi yale maziwa yote kwenye glasi yametoka kibandani kwake, kwenye vile vichanja, kwenye mbegu ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Na gunia moja la mbegu hiyo alilimwaga kwenye rundo kwa mkono wake.

Nikamfinya. Nilimfinya vizuri, kwenye mkono, nikimaanisha nyamaza. Angenyamaza tu, jambo lingeisha pale pale. Angeonekana ndiye aliyeumizwa kuliko wote, angechangiwa, na ushemasi wake ungebaki. Angesema, angeenda nyumbani bila waru na bila watu. Nani angempa mbegu tena hapa Mau Narok?

Micah akasimama. Alivua kofia yake. "Naona mnaniangalia," akasema. "Mimi sijui kama ni mimi. Mbegu yangu niliiamini. Lakini kama kusema ni mimi itafanya watu warudi kusalimiana, basi ni mimi. Nitatoka kwa uzee wa kanisa leo. Tumalize hii maneno."

Mchungaji akainamisha kichwa. Nafikiri alikuwa analia, maskini, rundo lilikuwa wazo lake.

"Keti, shemeji," Jepkemboi akasema.

Sauti yake haikuwa kubwa. Micah akabaki amesimama.

"Nimesema keti. Zile za rundo sikupanda. Nilizichemsha. Nikala na kuku wakala." Akanionyesha kwa kidole. "Na Mugure akala." Ahsante sana, rafiki. "Shamba yangu yote ni mbegu yangu. Hiyo maziwa yote mnaona ni ya kwangu. Nimeiweka ndani ya nyumba miaka yote hiyo na kufuli, nikiwanusa nyinyi. Halafu nikaileta hapa kwa madhabahu nikaimwaga juu ya zenu."

Alivua kitambaa cha ushemasi, akakikunja mara mbili, akakiweka kando ya glasi. Akatoka kwa geti bila kungoja jibu la mtu. Ilikuwa vizuri hakungoja, kwa sababu majibu mengine yaliyotoka nyuma yake siwezi kuyaandika mimi mkristo.

Zikapita wiki ambazo hakuna aliyekwenda kwake ila mimi. Aling'oa waru zote akazichoma. Kile kibanda cha mbegu alikibomoa akakichoma pia, vichanja na kufuli vyote motoni. Chesang alimpigia simu akamwambia aje akae Section 58. Alikataa, akasema huko mjini hajui maji yanatoka wapi. Nilifurahi kusikia hivyo, nikajua bado ni yeye. Lakini chakula kilikuwa kinaisha, hilo nililiona kwenye rafu zake, na alianza kunikaribisha chai ya rangi akisema maziwa yanamsumbua tumbo.

Asubuhi moja Micah akasimama kwenye ua. Hakuingia. "Mama Chesang," akaita. "Ile sehemu yangu ya juu, karibu na msitu, imekuwa ya shayiri miaka tatu. Udongo ni safi, yule msichana wa kilimo alipima. Na nimepata mbegu iliyopimwa. Kuna nafasi ya mistari yako na yangu. Kuja Alhamisi na jembe."

Jepkemboi akanigeukia, na mimi nikamgeukia. "Anataka nini?" akaninong'oneza.

"Mimi pia sijui," nikasema, na ukweli sikujua. Mtu umemchafulia jina, umemuulia kona ya shamba, halafu anakuita kwenye udongo wake wa mwisho ulio safi? Mimi ningekuwa Micah ningejenga ukuta.

"Unataka nini, shemeji?" Jepkemboi akamuuliza waziwazi.

Micah akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata akiulizwa saa. "Nataka ukuje mapema, kabla jua halijawa kali," akasema. "Na mimi nilipewa tu, Mama Chesang. Hiyo ardhi sikuitengeneza." Akaenda zake.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Alhamisi Jepkemboi hakulala vizuri, aliniambia. Aliligeuza geuza lile neno kama alivyoigeuza sweta, akitafuta palipounganishwa. Hakupata.

Alhamisi tulienda pamoja. Jembe lake alilisugua kwa mchanga mpaka mpini ukawa mweupe. Gamubuti alizifua usiku mzima zikakauka juu ya jiko. Tulipofika kwenye geti la ile sehemu ya juu, akasimama. Nikapita, nikageuka, yeye bado yuko nje. Mbele yake mistari ilikuwa imeshachorwa, udongo mweusi, mwororo, haujaguswa.

"Ingia basi," nikamwambia.

"Siwezi. Hizi viatu zimetembea kwa shamba yangu."

"Si umezifua."

"Nimezifua mimi," akasema. "Nitajuaje zimefuliwa?"

Micah alikuja kutoka juu akamtazama, akatazama gamubuti. Hakubishana naye. Akarudi kwenye kibanda chake cha shambani, akaja na karai la maji, brashi ya kufulia, na chupa ya Jik, dawa ya kuua vijidudu. Akamimina kidogo, harufu ikatupanda puani. "Vua," akasema. "Utaingia miguu mitupu. Tutaosha na miguu."

Jepkemboi akavua. Ana magoti mabaya, kuinama ni shida, kwa hivyo Micah akachuchumaa pale kwenye nyasi, mzee wa kanisa na suruali yake ya kazi, akaushika mguu wa kwanza akauweka ndani ya karai, akaanza kusugua kwenye kisigino, ambapo udongo huingia kwenye mipasuko.

"Tuombe kwanza kabla hatujaingia," Micah akasema, bado ameshika mguu. Tukainamisha vichwa. Mimi nilifumbua jicho, nakiri, nilitaka kuona kama lake liko wazi. Yalikuwa wazi yote mawili. Hakuwa anamwangalia Micah, wala mimi, wala lile jembe aliloliegemeza getini. Alikuwa anaiangalia miguu yake ndani ya maji.

"Amina," Micah akasema, akachukua taulo.

"Bado," Jepkemboi akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kidevu na hakuyafuta. "Ongeza Jik, shemeji. Osha tena."

Micah akaongeza, akaosha tena.